Mwongozo kamili wa kuandaa matangazo ya filamu yenye sura moja, kuanzia bango la stendi hadi stetasi ya WhatsApp

Watengenezaji filamu wa Mtwara na Lindi wanaoomba ushauri huleta lalamiko linalofanana: bango lilibandikwa stendi, trela ikasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, gari la matangazo likazunguka mtaa kwa mtaa, na bado watu hawakutambua kwamba vyote vitatu vilikuwa vya filamu ile ile. Ukiyatazama matangazo yenyewe, sababu hujionyesha. Bango lilibuniwa na kijana wa steshenari, trela ikakatwa na mhariri aliyeko Dar es Salaam, na maneno ya kipaza sauti yakatungwa na mtangazaji papo hapo. Kila mmoja alichagua rangi yake, maandishi yake, na hata namna yake ya kuieleza hadithi.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya maamuzi hayo mara moja tu, kuyaandika, kisha kuhakikisha kila tangazo linatoka katika faili mama moja. Ili mifano ieleweke, tuchukue filamu ya kufikirika iitwayo "Deni la Msimu", inayomhusu kijana wa Newala aliyeuza korosho za baba yake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya utaratibu rasmi, kabla hazijavunwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamera ya kupiga picha mnato, pamoja na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu.
- Programu ya kubuni. Photoshop na Illustrator ni za kulipia; GIMP na Inkscape ni za bure; Canva humfaa anayetumia simu.
- Orodha ya majina ya waigizaji na wafanyakazi, yameandikwa kama wenyewe wanavyotaka yaonekane.
- Ridhaa ya maandishi ya kila mtu ambaye sura yake itatumika katika matangazo.
- Maelezo ya mchapaji: upana wa mwisho wa mashine yake, aina ya faili anazopokea, na bei ya nakala moja ya majaribio.
- Sehemu mbili za kuhifadhi kazi, kwa mfano flashi na hifadhi ya mtandaoni.

Usimpuuze mchapaji. Wengi humfikia siku tatu kabla ya onyesho, wakati ambapo hana la kufanya ila kuchapa alicholetewa.

## Hatua ya 1: Andika karatasi ya maamuzi

Chukua ukurasa mmoja, usizidi, na uandike mambo haya: jina kamili la filamu na namna linavyoandikwa, hadithi kwa sentensi moja, kaulimbiu, rangi mbili au tatu pamoja na namba zake za kompyuta, fonti mbili, na majina yatakayotajwa kila mahali kwa mpangilio usiobadilika.

Kwa "Deni la Msimu", kaulimbiu inaweza kuwa "Mavuno bado, deni limeshaiva." Rangi zinaweza kuwa nyekundu ya bibo (tunda la mkorosho) lililoiva, kahawia ya ganda la korosho, na nyeupe ya maandishi. Rangi hizo zimetoka ndani ya hadithi yenyewe, kwa hiyo mpiga picha, mshonaji wa fulana na mhariri wa trela hawatasumbuka kuzikumbuka. Rangi iliyochaguliwa kwa sababu "inavutia" hubadilishwa na kila fundi anayekuja, kwa kuwa kila fundi ana yake inayomvutia.

Mpangilio wa majina uamuliwe hapa na usainiwe na wahusika wakuu. Ugomvi wa nani atangulie kwenye bango umewahi kuvuruga kazi nyingi, na ni nafuu kuumaliza mezani kuliko kuumaliza baada ya nakala 200 kuchapwa.

Utajua umefaulu pale ambapo mtu asiyeijua filamu anausoma ukurasa huo na kukueleza kwa maneno yake itahusu nini na itakuwa na sura gani.

## Hatua ya 2: Piga picha za matangazo wakati wa kurekodi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, hivyo tutakaa kidogo.

Desturi iliyozoeleka ni kusubiri filamu iishe, kisha kusimamisha video na kuchukua fremu moja ya kuweka kwenye bango. Hesabu yake haikubali. Fremu ya video ya kawaida ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango kinachotakiwa kwa kazi ya kutazamwa kwa karibu, unapata picha ya takribani sentimita 16 kwa 9, yaani ukubwa wa kadi ya mwaliko. Bango la A3 ni sentimita 29.7 kwa 42, nalo linahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Tena bango limesimama wakati fremu imelala, kwa hiyo utakata pande zote mbili na kubaki na kipande chembamba ambacho lazima kivutwe zaidi ya mara nne. Uso wa mwigizaji utakuwa na ukungu, na hakuna programu itakayourudishia nywele na macho ambayo kamera haikuyanasa.

Zaidi ya hapo, fremu ya video mara nyingi ina mtu aliye katikati ya mwendo, mkono wake ukiwa umefifia. Kwenye skrini jicho halilioni hilo kwa sababu picha inapita, ilhali kwenye karatasi linaliona.

Kwa hiyo, tenga muda katika siku za kurekodi, waigizaji wakiwa bado na mavazi na vipodozi vya uhusika, na upige yafuatayo:

1. Kila mhusika mkuu peke yake, kimo kizima, kisha nusu mwili, kisha uso.
2. Wahusika wakuu pamoja, wakiwa katika mkao unaoeleza ugomvi au mapenzi yao.
3. Kitu kimoja kinachobeba hadithi. Kwa mfano wetu, gunia tupu la korosho lililokunjwa mlangoni.
4. Mandhari bila watu: shamba la mikorosho, barabara ya vumbi, ufukwe wa Mikindani, au popote hadithi inapotokea.

Piga kila kitu mara mbili, kamera ikiwa imelala na ikiwa imesimama. Acha nafasi tupu juu ya kichwa, kwa sababu jina la filamu litahitaji mahali pa kukaa. Bila nafasi hiyo, dizaina atalipandisha jina kwenye paji la uso wa mwigizaji wako.

Tahadhari ya mwanga. Jua la saa sita mchana katika pwani yetu hutia kivuli cheusi machoni, na mchanga wa ufukweni huirudisha nuru kutoka chini hadi nyuso zikapauka. Piga kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Usimsimamishe mtu mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, kwani kamera itaupimia ukuta mwanga na kuufanya uso kuwa giza. Gusa uso kwenye skrini ili upimwe wenyewe.

Picha zilizookotwa mtandaoni zisitumike hata kama ni "mandharinyuma tu". Zina wenyewe.

## Hatua ya 3: Tengeneza nembo ya jina

Jina la filamu lichorwe mara moja, liwe nembo, na baada ya hapo lisichapwe upya kwa kibodi na mtu yeyote. Anayelihitaji apewe faili. Hifadhi nakala ya vekta, ambayo hukuzwa hadi ukubwa wa bango la barabarani bila kuharibika, na nakala za PNG zisizo na mandharinyuma: moja nyeupe ya kuwekwa juu ya picha zenye giza, na nyingine ya rangi ya kuwekwa juu ya karatasi nyeupe.

Fonti zenye kucha, damu na miali ya moto zisikushawishi. Punguza nembo hadi iwe na upana wa sentimita 2 kwenye simu, kisha mpe mtu mwingine aisome. Akisita, rudi mezani. Kagua pia leseni ya fonti, kwa sababu nyingi zinazopakuliwa bure huruhusu matumizi binafsi tu, na filamu inayotoza kiingilio si matumizi binafsi. Kama jina lina ng' ndani yake, hakikisha kile kiapostrofi kinatazama upande sahihi na hakijaachwa. Baadhi ya programu hukibadilisha zenyewe.

## Hatua ya 4: Jenga bango kuu, ambalo ndilo faili mama

Anza na bango la A2 lililosimama, pikseli 4961 kwa 7016, kwa kuwa ni rahisi kupunguza kuliko kukuza. Ongeza milimita 3 kila upande ili mashine ya kukatia isiache mstari mweupe pembeni.

Weka picha kuu moja. Kuna mazoea ya kujaza vichwa saba vya waigizaji vilivyopangwa kama paspoti, kila kimoja kikiwa na mwanga wake, ili asinung'unike mtu. Bango la namna hiyo linamridhisha kila mwigizaji na halimwelezi mtazamaji chochote. Kwa "Deni la Msimu", picha kuu ni kijana amesimama na gunia tupu mkononi, na nyuma yake, kwa mbali, baba akiwa ameketi chini ya mkorosho akimtazama. Mtu wa Tandahimba akiiona picha hiyo hahitaji kuelezwa kilichotokea.

Pangilia maandishi kwa ukubwa ufuatao: jina, kaulimbiu, waigizaji wakuu wawili au watatu, kisha taarifa za onyesho, na mwisho majina ya wafanyakazi kwa herufi ndogo.

Sehemu ya chini, kama moja ya tano ya bango, iwe ukanda wa rangi moja usio na picha. Ukanda huu ndio siri ya kuitangaza filamu katika miji mingi kwa gharama ndogo. Chapa mabango yote kwa pamoja yakiwa na ukanda mweupe, kisha andika kwa maka nene au bandika stika yenye tarehe, ukumbi na kiingilio cha Masasi, Nachingwea, Ruangwa au Lindi. Sura ya bango haitabadilika, na ukumbi ukiahirisha, hutalazimika kuchapa upya.

Saa ziandikwe kwa namna moja tu. "Saa 1:00 usiku" inatosha. Tangazo linaloandika "saa 7:00 usiku" kwa kufuata saa ya simu litakuletea watu waliochanganyikiwa, na baadhi hawatakuja kabisa. Weka namba moja ya simu, iliyo na WhatsApp, na iwe mikononi mwa mtu anayepokea.

Faili mama ibaki na tabaka zake zote, yaani picha na maandishi yakiwa bado yametengana. Ukiunganisha tabaka na kuhifadhi JPG peke yake, umejifungia mlango wa hatua zote zinazofuata.

## Hatua ya 5: Chapa nakala moja, uitoe nje

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, na mashine ya kuchapa hutengeneza rangi kwa wino. Nyekundu, bluu na kijani kali zinazong'aa kwenye kompyuta hupoa zikifika kwenye karatasi. Muulize mchapaji kama anataka faili ya CMYK (mfumo wa rangi za wino), ufanye ubadilishaji mwenyewe na kusahihisha rangi kabla ya kumkabidhi, badala ya kuiachia mashine yake iamue.

Nakala ya majaribio isikaguliwe ndani ya duka chini ya taa. Ishike mkononi, vuka barabara, ibandike ukutani juani, na urudi nyuma hatua ishirini. Kisha mwombe dereva wa bodaboda apite mbele yake kwa mwendo wake wa kawaida na akwambie alichosoma. Akitaja jina la filamu na siku, bango limekubali. Akitaja sura ya mwigizaji tu, ongeza ukubwa wa maandishi.

Kwa bango la turubai la mita 2 kwa 1, nukta 100 kwa inchi zinatosha, kwa kuwa litatazamwa kwa mbali. Hiyo ni faili ya takribani pikseli 7,900 kwa 3,900. Omba matundu ya chuma yawekwe kwenye kingo zote, si pembe nne pekee, maana upepo wa ufukweni Shangani, Mtwara, huanza kupasua pale kamba inapovuta.

## Hatua ya 6: Toa vipimo vya mitandao kutoka faili mama

Usimpe kila admin wa ukurasa kazi ya kukata bango anavyojua. Tengeneza seti hii mwenyewe:

- Instagram na Facebook: pikseli 1080 kwa 1350 iliyosimama, na 1080 kwa 1080 ya mraba.
- Stetasi na stori: 1080 kwa 1920. Acha takribani pikseli 250 juu na chini bila maandishi, kwa sababu jina la akaunti na sehemu ya kujibu hukaa hapo.
- Picha ya jalada la video ya YouTube: 1280 kwa 720. Kona ya chini kulia iachwe wazi, kwani muda wa video huandikwa hapo na utafunika herufi zako.
- Picha ya wasifu: nembo au uso mmoja katikati, kwa kuwa mitandao mingi huikata iwe duara.

Kila kipimo kipangwe upya kwa vipande vilevile. Kulibana bango lililosimama ili liingie kwenye mraba hufanya nyuso zinenepe, na watu wa hapa hawatakusamehe ukimnenepesha mwigizaji wao.

WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapotumwa kama picha. Anayekwenda kuchapa au kupandisha mtandaoni atumiwe kama dokumenti. Stetasi za marafiki zinaweza kupokea picha ya kawaida, ila hakikisha wanaipata kutoka kwako na si kwa kupiga skrini ya stetasi ya mwingine, kwa sababu kila mzunguko wa namna hiyo huacha doa.

## Hatua ya 7: Oanisha trela na tangazo la sauti

Mhariri wa trela apewe karatasi ya maamuzi na faili ya nembo kabla hajagusa picha yoyote. Jina litokee kwa nembo ileile na kaulimbiu isomwe kwa maneno yaleyale, huku kadi ya mwisho yenye tarehe na ukumbi ikitengwa ili ibadilishwe bila kuhariri trela nzima.

Tengeneza matoleo mawili: la sekunde 30 kwa ajili ya stetasi na la dakika moja na nusu kwa YouTube na kumbi. Chama cha wamiliki wa kumbi za sinema nchini Marekani kiliwahi kupendekeza, mwaka 2014, kwamba trela isizidi dakika 2, na hao wana skrini kubwa na watazamaji walioketi. Mtazamaji wako yuko kwenye bajaji na anahesabu bando. Toleo fupi liwe na maandishi ya mazungumzo, kwa kuwa wengi hulitazama bila sauti.

Tangazo la redio na la gari la matangazo liandikwe kwa maneno yasiyozidi 60 hivi, lisomwe na sauti iliyosikika kwenye trela, na wimbo wa nyuma uwe wa filamu hiyo. Mtangazaji akitaka kuchangamsha kwa Kimakonde akiwa Newala, au kwa Kimwera akiwa Ruangwa, mwache, kwa sharti kwamba jina la filamu na kaulimbiu vinabaki kama vilivyo. Jaribu sauti kwenye spika za gari lenyewe: besi nzito inayopendeza kwenye hedifoni humeza maneno barabarani.

## Hatua ya 8: Kamilisha vibali kabla ya kuchapa kwa wingi

Kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, filamu hupaswa kukaguliwa na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani, na kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Filamu Tanzania. Daraja la umri utakalopewa liwekwe kwenye bango, jalada na picha ya YouTube, mahali palepale na kwa ukubwa uleule. Bodi ikionyeshwa bango na trela mapema, marekebisho hufanyika kwenye faili. Ikionyeshwa baadaye, hufanyika kwenye rundo la karatasi.

Wimbo usio wako unahitaji ruhusa ya mwenye haki, na masuala ya hakimiliki hushughulikiwa na COSOTA. Waliopiga picha katika magofu ya Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, yaliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, wahakikishe kibali chao kinataja matangazo ya biashara na si kurekodi pekee.

Mabango na gari la matangazo huulizwa halmashauri na ofisi ya kata. Ukuta wa nyumba ya mtu huulizwa mwenyewe. Bango lenye picha ya chumbani lisiwekwe jirani na msikiti au shule, hata kama hakuna aliyekukataza.

## Hatua ya 9: Panga ratiba, kisha bandika

Katika mikoa hii kalenda ya pesa ni ya korosho. Minada huanza Oktoba, na malipo ya wakulima yanapoingia, hata banda la video la kijijini hujaa. Onyesho la Juni katika Tandahimba linahitaji kiingilio kingine na matarajio mengine. Usiku wa Ramadhani hauna watazamaji, ilhali Idi inao tele. Kagua tarehe kila mwaka, kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma kwa takribani siku 11.

Wiki ya kwanza, toa picha kuu pamoja na jina. Ya pili, trela fupi. Ya tatu, mabango na trela ndefu. Siku tatu za mwisho ni za gari la matangazo na stetasi zenye saa na kiingilio. Mvua zikishaanza, kuanzia Novemba au Desemba, karatasi tupu haifiki siku ya pili, hivyo tumia turubai au bandika chini ya baraza.

Bandika mahali ambapo watu husubiri: stendi, kijiwe cha bodaboda, saluni, mlango wa banda la video, ofisi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) siku ya malipo. Mabango mawili yaliyo pamoja huonekana kuliko manne yaliyotawanyika.

Faili zote ziwe katika folda moja, na majina yaeleze kilichomo: jina la filamu, aina ya tangazo, kipimo, tarehe. Faili iitwayo "bango mwisho kabisa 3" ndiyo huishia kwa mchapaji ikiwa na tarehe ya mji mwingine. Mtu mmoja, si wawili, awe na ruhusa ya kubadilisha faili mama. Wengine wote wapewe nakala. Onyesho la mji likimalizika, bandua mabango yake siku inayofuata, na wale wa Masasi wapelekewe stika zao za ukanda pamoja na kadi mpya ya mwisho wa trela.